Waya wa neti nyumba mpya: uchune kwa wembe kwanza ndo ulipe

SWALI: Shikamoo mzee. Niko Chuno hapa Mtwara, msimu huu korosho zimenilipa vizuri nikasema nimalizie nyumba, vyumba vitatu na sebule, bati liko juu ila plasta bado. Fundi umeme kanambia nimpe na hela ya waya wa neti apitishe kabisa kabla ya plasta. Dukani nimekuta Cat5e, Cat6, Cat6A, Cat7, na mwenye duka anasema chukua Cat8 ndo umemaliza. Nimechanganyikiwa, nichukue ipi? Msomaji, Chuno.

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera sana kwa nyumba. Huyo fundi wako mshike, kakwambia wakati wake kabisa, maana plasta ikishapita kila waya utakaotaka kuongeza ni tindo na nyundo na vumbi kwenye makochi.

Hizo Cat ni madaraja ya waya wa neti, namba ikipanda ndo uwezo unapanda. Chukua Cat6, ile ya kawaida isiyo na karatasi ya silva ndani, UTP wanaiita. Cat5e yenyewe inabeba gigabiti 1 kwa sekunde mpaka mita 100, na nyumba ya vyumba vitatu hata uzungushe waya juu ya dari vipi, kumaliza mita 30 kwenda chumba kimoja ni kazi. Cat6 inabeba gigabiti 10 mpaka kama mita 55 hivi, kwaiyo hapo una akiba ya miaka na miaka. Cat6A inafikisha hizo 10 kwenye mita 100 zote, ni waya mzuri ila mnene, mgumu kukunja na unajaza paipu haraka. Cat8 mwisho wake mita 30 na imetengenezwa kwa ajili ya vyumba vya seva, wewe sebuleni huna cha kuifanyia. Cat7 achana nayo, haimo kwenye viwango vya TIA, chama cha Marekani kinachopanga viwango vya waya, ambavyo vifaa vingi vya neti vinavifuata.

Sasa hizo namba wala sio zinazoniumiza. Kinachoniumiza ni waya feki, yani box limeandikwa Cat6 kubwaa alafu pembeni kwa herufi ndogo CCA, maana yake ndani ni alumini imepakwa shaba kwa juu. Mimi mwenyewe yamenikuta. Nilimfungia dada yangu kamera kule Ligula, zile zinazokula umeme kupitia waya uleule wa neti, mchana zote ziko safi, giza likiingia tu ya getini inazima, inawaka, inazima. Nikabadilisha kamera, nikabadilisha swichi, kile kisanduku kinachogawa neti na umeme kwa kamera, hamna kitu, wiki nzima sielewi. Siku moja nikakata kipande cha waya pale getini nikachuna kile kiuzi kimoja kwa wembe, nje chekundu ndani cheupe kama sufuria. Ndo nikaelewa, usiku kamera inawasha taa zake za infraredi inahitaji umeme zaidi, na alumini inapitisha umeme kwa shida kuliko shaba, kwaiyo ukifika mwisho wa waya umeshapungua kamera inashindwa. Roho iliniuma sana maana dada aliniamini na hela ilikuwa ya kwake.

Kwaiyo ukifika dukani omba kipande, chuna uzi mmoja na wembe ukwangue, shaba halisi ni nyekundu mpaka ndani. Alafu ukunje na kuukunjua pale pale mara kadhaa, alumini inakatika upesi. Na linyanyue box, la mita 305 likiwa la shaba mkono unasikia, la alumini ni jepesi mno. Mwenye duka akikataa usichune, toka nenda duka lingine, usione aibu.

Kingine, waya wa ukutani uwe ule ambao kila uzi ni kipande kimoja kizima. Ule wa vinyuzi vingi laini ni wa kutoka ukutani kwenda kwenye tivii au kompyuta, mita moja mbili basi.

Alafu mwambie fundi asifukie waya mtupu kwenye plasta. Apitishe paipu, na iwe paipu ya peke yake, wasichanganye na umeme hata kama nafasi ipo, na pale zinapokutana zikatane msalaba zisilale sambamba. Kona ziwe za mviringo, sio elbo kali, waya ukiukunja sana zile jozi za ndani, yani nyuzi nane zilizosokotwa mbili mbili, zinavurugika. Kila chumba weka waya mbili, na mmoja upeleke darini katikati ya korido kwa ajili ya kifaa cha waifai. Kule kwa dada palipokuwa na paipu nilifunga waya mpya kwenye mkia wa ule wa zamani nikavuta dakika kumi kazi imeisha, pasipokuwa na paipu tulibomoa. Ukibaki na hela kidogo weka kwenye paipu usiweke kwenye namba ya Cat.

Mwisho wa kazi, kabla hujamlipa fundi, pima kila tundu. Ukiunganisha kompyuta ikasoma megabiti 100 badala ya 1000, yani gigabiti moja, wakati rauta na kompyuta zote ni za gigabiti, jua kuna uzi haujashika, maana gigabiti inataka jozi zote nne na 100 inaridhika na mbili. Mwambie arudie kichwa, kile cha kuchomeka mwisho wa waya, rangi zifuate mpangilio mmoja huku na huku.

SWALI: Mzee, mimi ni binti wa Mikindani, nyumba ya baba ni ya zamani, kuta za mawe nene kweli, waifai ya sebuleni chumbani haifiki. Naweza kupitisha waya kwa nje? Na hii chumvi ya bahari je? Msomaji, Mikindani.

JIBU: Unaweza mwanangu, na kwa kuta hizo ndo njia yenyewe. Ila usitumie ule wa kijivu wa ndani, jua la kwetu hili litaupasua ganda lote. Ulizia wa nje, mweusi, ganda lake linavumilia jua. Kabla haujaingia ukutani ulegeze ushuke kidogo chini ya tundu, mvua idondokee hapo isifuate waya mpaka ndani. Kuhusu chumvi, waya wenyewe hauna neno, kinacholiwa ni vile vimeno vya kwenye kichwa, vikishika kutu ya kijani neti inakuja na kuondoka. Vichwa vyote viishie ndani, cha nje kikilazimika kiwe kwenye box lililozibwa.

SWALI: Nina duka mbali kidogo na nyumba, kama mita 130. Nivute Cat6 moja kwa moja kwenye nguzo? Msomaji, Mtanda, Lindi.

JIBU: Hapana ndugu yangu, usivute. Mita 100 ndo mwisho, na hapo unahesabu na vile vipande vya kwenye vifaa. Na hata ingekuwa mita 60 ningekukataza, maana waya wa shaba kati ya majengo mawili radi ikipiga jirani tu umeme unaingia nao mpaka kwenye rauta, na mvua za kwetu unazijua. Vuta faiba, uzi wake ni kioo haupitishi umeme, na vibadilishi viwili vya kugeuza mwanga wa faiba kuwa neti ya waya wa kawaida, kimoja nyumbani kimoja dukani. Ila hakikisha unachukua faiba isiyo na waya wa chuma wa kuibebea, au kama unao ukatwe na kufungwa kwenye nguzo usiingie ndani.