Usiulize "Huwa Unafanyaje?", Uliza Mara ya Mwisho Ilikuwaje

Kila msimu wa wanafunzi kwenda kukusanya takwimu ukikaribia, naletewa madodoso niyasome. Wanatoka uuguzi, famasia, udaktari na afya ya jamii, lakini mada zao ni ndugu wa tumbo moja: maarifa, mtazamo na matendo kuhusu presha, au kisukari, au antibiotiki, au usafi wa mikono, miongoni mwa wagonjwa au watumishi wa kituo fulani. Sampuli ni 384. Karibu kila mara ni 384, kwa sababu ukiweka asilimia 50 kwenye fomula ya Cochran ya kukokotoa ukubwa wa sampuli na ukakubali kukosea kwa asilimia 5, ndiyo namba inayotoka, na hakuna msimamizi atakayekusumbua nayo. Anayepata 80 kwa mia ana "maarifa mazuri". Mapendekezo mwishoni: elimu itolewe.

Sina ugomvi na 384. Ugomvi wangu uko kwenye maswali. Nimekaa kwenye mabenchi ya kliniki na dodoso mapajani kwa miaka mingi, tangu enzi za karatasi hadi vishikwambi vya leo, na nilichokiona ni kwamba sehemu ya matendo kwenye madodoso yetu mengi hupima adabu ya anayejibu.

Chukua presha. Swali la kawaida ni hili: "Je, huwa unatumia dawa zako kila siku kama ulivyoelekezwa?" Nani atakujibu hapana? Mtu ametoka kwa daktari sasa hivi, wewe una kitambulisho kifuani, umemwamkia vizuri. Atasema ndiyo, wewe uridhike na yeye asigombezwe. Bibi mmoja niliyemfuata nyumbani kwake alinijibu hivyohivyo: "Kila siku mjukuu wangu, sikosi." Nikajaza ndiyo, kisha nikamwomba anionyeshe dawa zenyewe. Akaingia ndani, akatoka na kopo la mafuta ya mgando lililokwisha zamani, ndani yake mna bahasha za dawa zimekunjwa vizuri. Ya mwezi uliopita ilikuwa bado na zaidi ya nusu ya vidonge.

"Bibi, hizi mbona bado nyingi?"

"Hizo nameza siku nikisikia kisogo kinavuta."

"Na siku kisogo hakivuti?"

"Sasa mjukuu wangu, siku hiyo si mzima? Nimeze ya nini?"

Bibi hakuwa amenidanganya. Kwa hesabu yake, kila siku anayoumwa anameza, hakosi. Na alijua mengine yote: chumvi nyingi haifai, presha inaleta kiharusi, kliniki ni kila mwezi. Kwenye maswali ya maarifa alifaulu vizuri tu. Ila hakukuwa na swali hata moja lililouliza kama anaamini mtu anaweza kuwa na presha ya juu huku akijisikia mzima kabisa, na hilo ndilo lililokuwa linaamua kama ile dawa itatoka kwenye kopo au la. Presha kwa watu wengi haina dalili yoyote. Ukikosa kuuliza hilo, utaandika kwenye ripoti kwamba maarifa ni mazuri na matendo ni mazuri, kisha utashindwa kueleza kwa nini vipimo vya watu wako wote viko juu.

Kwa hiyo uliza kuhusu siku yenye jina. Jana ulimeza? Saa ngapi, kabla ya chai au baada? Juzi je? Na ukitaka mtu akubali kwamba alikosa, mpe mlango wa kutokea: "Watu wengi hupitiwa, au dawa huwaishia kabla ya tarehe ya kliniki. Wewe wiki hii iliyopita zilikupita siku ngapi?" Hapo umeshamwambia kwamba kukosa si dhambi, naye atakuambia ni siku ngapi. Halafu omba kuona. Kuhesabu vidonge na kulinganisha na tarehe kwenye kadi kunachukua dakika chache, na hakuna shahada inayohitajika.

Pengo hili kati ya kusema na kutenda si jipya. Tafiti za maarifa, mtazamo na matendo zilishika kasi kwenye uzazi wa mpango, miaka ya 1950 na 1960, katika nchi nyingi za Asia na kwingineko. Wanawake waliulizwa kama wanataka kuzaa kwa mpango, wengi wakasema ndiyo, lakini waliokuwa wanatumia njia yoyote walikuwa wachache mno. Watafiti wakaligeuza pengo hilo kuwa mada ya kujitegemea. Sisi leo tunalikuta pengo lilelile na kuliandika kana kwamba ni ugunduzi.

Kwenye antibiotiki kuna tatizo la ziada, maana mdodoswa na mdodosaji wanaweza kuzungumza nusu saa kila mmoja akiwa na kitu chake kichwani. Nenda na trei. Panga pakiti na vidonge vyenyewe: amoksilini, ampiclox, septrin, flagyl, doksi, na changanya humo zisizo antibiotiki, kama panado, diclofenac na dawa ya minyoo. Mwambie mama achague zile ambazo zimewahi kuingia ndani kwake, kisha akuelezee ya mwisho ilikuwa ya nani, aliumwa nini, ilinunuliwa wapi, na vilivyobaki viko wapi. Utaona flagyl inatajwa kama dawa ya tumbo, kwa tumbo lolote lile. Utaona kapsuli ya rangi mbili imefunguliwa na unga wake kupakwa kwenye kidonda. Swali la "antibiotiki hutibu virusi, kweli au si kweli" halitakufikisha huko hata uliulize mwaka mzima.

Upande wa pili wa kaunta usiuache. Maduka ya dawa muhimu yalianza kama majaribio mkoani Ruvuma, kusini mwa Tanzania, mwaka 2003, wauzaji wakafundishwa, na baadaye yakaenea nchi nzima kuchukua nafasi ya yale ya dawa baridi. Muuzaji aliyepita mafunzo hayo anajua kwamba antibiotiki inataka cheti cha daktari, na ukimuuliza atakujibu bila kupepesa macho. Ndiyo maana watafiti hapa nchini wamekuwa wakimtumia mteja wa kuigiza: mtu anaingia, anasema mtoto anakohoa, anaomba amoksilini, anatoka na kuandika kilichotokea. Majibu ya dodoso na majibu ya mteja wa kuigiza hayafanani. Njia hii ina masharti yake, na kamati ya maadili itakubana: jina la duka lisionekane popote, wala muuzaji asichukuliwe hatua kwa sababu yako. Inafaa, ila usiifanye kienyeji.

Sasa watumishi. Hapa ndipo wanafunzi wengi wanalegea, kwa sababu wanadhani mtu aliyesoma atajibu kwa usahihi zaidi. Aliyesoma anajua jibu linalotakiwa, basi. Mwaka 2004 jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha utafiti uliofanyika katika hospitali za kaskazini mashariki mwa Tanzania: kati ya waliolazwa na kutibiwa malaria kali, waliokutwa na vimelea kwenye damu walikuwa chini ya nusu. Waliowatibu hawakuwa watu wasioijua malaria. Hata vipimo vya haraka vilipofika hadi zahanati, sehemu nyingi mgonjwa aliendelea kupimwa, kukutwa hana, na kuondoka na dawa mseto mkononi. Mganga ukikaa naye vizuri anakuambia: kipimo kinaweza kukosea, mgonjwa ametembea kilomita nyingi, na nikimwacha hivihivi akifa usiku watanijia mimi. Yote hayo ni hofu na heshima mbele ya watu, na hofu hiyo haikai kwenye safu ya maarifa.

Kwa hiyo mganga naye muulize mgonjwa wa mwisho: "Yule wa mwisho kupimwa na kukutwa hana malaria, ulimwandikia nini?" Kisha, kwa ruhusa, fungua kitabu cha MTUHA (mfumo wa kutunza taarifa za huduma za afya) cha wagonjwa wa nje uone. Rejista zetu zina mapungufu mengi, lakini hazijui kwamba unafanya utafiti, tofauti na kila mtu mwingine pale.

Usafi wa mikono ni hadithi hiyohiyo. Nyakati tano za kunawa mikono za Shirika la Afya Duniani, za mwongozo wa 2009, zimebandikwa ukutani kwenye wodi nyingi, tena mara nyingine juu ya sinki ambalo bomba lake halitoi maji tangu asubuhi. Muuguzi atakutajia zote tano. Ukikaa pembeni ukaangalia, utaona wengi wananawa baada ya kumgusa mgonjwa kuliko kabla. Ni kana kwamba anasema: baada ni kwa ajili yangu, kabla ni kwa ajili ya mgonjwa. Sisemi hivyo kwa ubaya. Mwenye zamu ya usiku na wodi imejaa anachagua haraka. Ila andika pia kama maji yalikuwepo, sabuni ilikuwepo, chupa ya kitakasa mikono ilikuwa na kitu ndani. Bila hivyo utamshitaki muuguzi kwa kosa la bomba.

Na takwimu za siku za kwanza za kuangalia usizitumie. Watu wote hunawa vizuri mgeni akiwepo. Kaa mpaka wakuzoee, wakutume uwashikie mlango, ndipo uanze kuhesabu.

Usiwaachie watumishi dodoso waende nalo. Litarudi limejazwa na wodi nzima, majibu yamefanana hadi makosa ya herufi. Kaa nao, na uwaambie mapema kwamba hii siyo supavisheni.

Kuna mambo ya mazingira ambayo hayaandikwi kwenye mbinu za utafiti lakini yanageuza namba. Kliniki zetu nyingi asubuhi huanza na elimu ya afya: muuguzi anasimama mbele ya mabenchi anafundisha. Ukianza kudodosa saa tatu watu walewale, unapima somo la saa mbili. Uliza leo wamefundishwa nini na uliandike, au wadodose kabla. Koti jeupe liache nyumbani, hata kama chuo kinakuruhusu. Nimeshuhudia mtu mmoja akijibu tofauti kwa mdodosaji mwenye koti na kwa asiye nalo, siku hiyohiyo. Usidodose kwenye foleni jirani akisikia. Tena kumbuka kwamba walioko kliniki ni waliokuja. Waliokata kliniki, ambao huenda ndio unaowatafuta, wako majumbani. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanawafahamu, wasalimie vizuri na uwape nauli.

Kwenye maarifa, usimsomee mtu orodha ya majibu sahihi matupu. Muulize kifua kikuu kinaambukizwaje, unyamaze, kisha "na kingine?", na "kingine?" tena. Atataja hewa, halafu atataja vikombe na sahani. Mtu wa namna hii kwenye dodoso la kuchagua amepata alama zote, huku nyumbani mgonjwa wake anakula peke yake kwa kikombe kilichowekewa alama, ingawa kifua kikuu hakiambukizwi kwa vyombo. Na "sijui" ihesabu peke yake. Asiyejua na anayejua vibaya wanahitaji vitu viwili tofauti.

Mtazamo ndio sehemu inayonichosha kuliko zote. Ngazi tano za Likert, kutoka "sikubaliani kabisa" hadi "nakubaliana kabisa", mtu aliyekuja na mtoto mgongoni hatazitofautisha, na kwa ustaarabu atakubali kila kitu. Weka sentensi mbili zinazopingana uone: atazikubali zote. Mimi napendelea kisa kifupi. "Kuna mama ana mtoto anakohoa siku ya tatu, hana homa, mume hayupo, ana shilingi elfu mbili. Unadhani atafanya nini?" Watu hufunguka wakimsemea mwingine. Kwa watumishi nako kisa kinafanya kazi, hasa ukiweka mgonjwa anayeng'ang'ania sindano.

Vibali viombe mapema kuliko unavyodhani. Kamati ya maadili ya chuo au NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu), kisha barua za mkoa na halmashauri, kisha mganga mfawidhi, ambaye huenda yuko semina. Na fomu ya ridhaa isomeke kwa Kiswahili ambacho shangazi yako ataelewa. Mtu asiyejua kusoma akitia dole gumba, awepo shahidi ambaye si mwenzako.

Jambo la mwisho ni la bajeti. Weka fungu la kurudi pale kituoni kutoa mrejesho: nauli, chai, karatasi chache. Matokeo yaeleze kwa kikao cha asubuhi cha watumishi, na kwa wagonjwa wakiwa kwenye mabenchi. Usisome asilimia. Waambie mliyoyasikia, mfano kwamba wengi wanaacha dawa ya presha siku wakijisikia vizuri, halafu uwaulize kwa nini. Kaa na kalamu, maana watakachokuambia hapo mara nyingi kinazidi kilichomo kwenye ripoti, na kama bado hujaikabidhi chuoni, una muda wa kukiingiza.