P2, kisha damu siku ya sita: je, hiyo ni hedhi?

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 26, mzunguko wangu ni wa siku 28. Mwezi huu hedhi ilianza tarehe 3. Tarehe 12 usiku kondomu ilipasuka. Kesho yake mchana nikanunua P2, vile vidonge vya dharura vya kuzuia mimba, nikameza kidonge kimoja, na cha pili baada ya saa 12. Nilisikia kichefuchefu ila sikutapika. Tarehe 17 usiku tulikutana tena bila kinga, nikijua dawa bado iko mwilini. Jana, tarehe 19, nimeona damu kidogo ya rangi ya kahawia. Ndiyo hedhi? Maana yake dawa imefanya kazi? Mama mdogo naye anasema nimetoa mimba. – Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba. Mimi ni mfamasia, udaktari umenipa wewe. Ujumbe wako uliponifikia nilikujibu papo hapo kwa maneno machache, kwa sababu saa zilikuwa zinakwenda. Haya ni maelezo yenyewe, maana wenye swali kama lako ni wengi.

Naanza na tarehe 17. Wewe umeitaja kwa kupita tu, lakini mimi ndiyo iliyonishtua.

P2 haikai mwilini kama mlinzi wa getini. Ili yai litoke, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo humwaga homoni iitwayo LH kwa wingi, na baada ya siku moja na nusu hivi yai linachomoka. Dawa iliyomo kwenye P2, levonogestreli, huzuia au huchelewesha mmwagiko huo. Mbegu za kiume huweza kuishi ndani ya mwanamke hadi siku 5. Zikingoja yai lisilokuja, zinakufa. Kazi ya kidonge ni hiyo tu. Homoni ikishaanza kumwagika, kidonge kimechelewa, hata kama umekimeza saa moja baada ya tendo. Ndiyo sababu tunahimiza umeze mapema iwezekanavyo, ndani ya saa 72. Hadi saa 120 bado kinaweza kusaidia, ila nguvu yake inapungua.

Sasa tazama kalenda yako. Ulimeza siku ya 11 ya mzunguko, yai likitarajiwa karibu na siku ya 14. Kwa tendo la tarehe 12 uliwahi vizuri. Lakini yai lililosogezwa mbele halijafutwa, linaweza kutoka siku chache baadaye, na tarehe 17 inaangukia hapo hapo. Kwa tendo hilo hukuwa na kinga yoyote. Ndiyo maana nilikuambia umeze dozi nyingine siku ile ile, ambayo inaruhusiwa hata ndani ya mzunguko mmoja, au bora zaidi uende kituo cha afya ukaulize kitanzi cha shaba, kifaa kidogo kinachowekwa ndani ya mji wa mimba. Kikiwekwa ndani ya siku 5 baada ya tendo, kinazuia mimba kuliko kidonge chochote, kisha unabaki nacho kwa miaka. Mkunga atakuhesabia siku kabla ya kukiweka.

Damu uliyoona si hedhi. Homoni nyingi kwa mkupuo huvuruga utando wa mji wa mimba, na matone ya kahawia siku chache baadaye ni kawaida. Hayathibitishi kwamba dawa imefanya kazi, na asiyeona tone hata moja asidhani imeshindwa. Hedhi yenyewe ingoje mwisho wa mwezi. Inaweza kuwahi au kuchelewa kwa wiki moja hivi. Ikizidi hapo, pima mkojo. Ukitaka jibu la uhakika bila kungoja hedhi, pima siku 21 baada ya tarehe 17. Kupima kesho ni kuchoma hela.

Mama mdogo umwambie kwa heshima: hapana. Kidonge hiki hakitoi mimba. Kama mimba ilikuwa imeshaingia, kitapita bila kuigusa wala kumdhuru mtoto. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba kati ya wanawake 100 wanaokitumia, mmoja au wawili hivi hupata mimba. Na hakiharibu kizazi. Ukiacha kukitumia, uwezo wa kushika mimba uko pale pale.

Vile vidonge viwili vya miligramu 0.75 ungeweza kuvimeza vyote kwa pamoja. Kuviachanisha hakukuharibia kitu, ila wengi husahau cha pili, au usingizi unawapitia. Anayetapika ndani ya saa 2 arudie dozi. Kichefuchefu, kizunguzungu, matiti kuuma na uchovu huisha baada ya siku moja au mbili.

Hukutaja dawa nyingine. Anayetumia rifampisini ya kifua kikuu, efavirenzi ya VVU, au dawa za kifafa kama kabamazepini na fenitoini aseme dirishani kabla ya kulipa, kwa sababu zinapunguza nguvu ya P2 na huenda akahitaji dozi mara mbili au kitanzi. Dolutegravir, nayo ya VVU, haina shida hiyo. Kwa mwenye unene mkubwa pia kidonge hudhoofika, na hapo kitanzi ndicho cha kutegemea.

Kama hali ya VVU ya mwenzako huijui, hilo ni jambo jingine kabisa na P2 hailigusi. Dawa za kuzuia maambukizi hutolewa ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora.

Usipoweka kitanzi, unaweza kuanza sindano au vidonge vya kila siku mara tu baada ya P2, bila kungoja hedhi. Tumia kondomu kwa siku 7 za mwanzo. Na ukipata maumivu makali ya tumbo upande mmoja katika wiki zijazo, hasa ukiwa hujaona hedhi, usije famasi. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.