Barua kwa mwanangu aliyekuwa akipita chini ya pazia

Kibokoni, Mombasa

Mwanangu,

Marahaba, mamangu. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, mara ya mwisho nikiwa juu ya mbuzi nakuna nazi. Nakujua: ukianza kusema haraka vile, jambo limekukaa rohoni. Kukujibu kwa simu siwezi, maana sauti yangu hupanda na baba yako huuliza kuna nini. Basi naandika.

Umesema umeitwa kusimamia sauti kwenye tamasha la muziki la siku mbili nje ya London, la wanawake weusi na wa Kiasia wanaopenda wanawake, wao peke yao, kuanzia waimbaji mpaka mafundi mpaka wapishi. Siku hizohizo tamasha kubwa nalo limekutaka, ila ukavute nyaya tu. Na yule mwenzako wa kazini amekutupia neno: "Mnajifungia wenyewe, kesho mtalia mmetengwa." Ukamaliza kwa kuniuliza: "Mama, hizi ngoma za peke yetu zinatuenzi au zinazidi kutusukuma pembeni?"

Wamkumbuka mpiga kinanda wa nyuma ya pazia? Ulikuwa na miaka minane hivi, usiku wa kupamba wa binti wa mamako mdogo. Ukumbi mzima wanawake, mabuibui yametundikwa, nywele wazi, dhahabu, asumini. Wanaume hakuna, ila mmoja: mpiga kinanda, aliyefichwa pembeni kwa shuka mbili zilizoshonwa pamoja, kinanda chake na spika zake humo ndani. Ukumbi hauoni. Mwimbaji akisogea karibu na spika, mikrofoni inapiga kelele za kutoboa masikio, naye bwana wa watu hajui inatoka wapi. Somo wa bibi harusi akawa anapaza sauti, "Punguza! Punguza!" na yeye huko ndani anaongeza. Ndipo ukatumwa wewe. Ukapita chini ya pazia na kigauni chako cha njano, ukamwambia, ukarudi, ukasikiliza, ukapita tena. Usiku kucha. Watu walikutunza shilingi ishirini ishirini ukajiona tajiri.

Nimeufikiria usiku ule wiki nzima hii. Sisi tuliuita wetu peke yetu, na kwa kweli ulikuwa wetu. Wanawake waliokuwa hawainui macho barabarani walicheza chakacha mpaka leso zikalowa. Vugo likapigwa, yakaimbwa maneno ambayo mume wa mtu angeyasikia ingekuwa kesi. Bibi yako na wenzake wa ngoma ya lelemama walikuwa hivyohivyo zamani, na vyama vyao vya kushindana, mapato na matumizi yao, na viongozi waliojichagulia. Lakini usiku ule wetu, swichi ilikuwa kwa nani? Kwa mwanamume aliyefunikwa shuka. Na asubuhi aliyelipwa ni yeye. Waimbaji walipata matunzo na sahani ya biriani.

Kuna la pili, nalo sijawahi kukuambia. Jirani yetu wa ghorofani, yule aliyekuwa akikuletea visheti, alikuwa haji kupamba bila shoga yake. Sisi wanawake wa pwani neno hili ni letu, mtu na shoga yake, yaani rafiki yake wa kike, wala mtu hakunji uso. Mpaka leo vijana wakilitumia kwa wanaume kwa matusi mimi hunikera. Basi wale wawili walikuwa wakija pamoja, wakikaa pamoja, wakicheza pamoja, na kila mtu mle ndani alijua, na hakuna aliyesema. Nje ya ule mlango wangeitwa wasagaji na kutemewa mate. Kwa hiyo ukiniuliza kama chumba cha wanawake peke yao kinamfaa mtu wa namna hiyo, nakwambia nimeona kikimfaa. Alikuwa akipumua. Lakini alipokufa shoga yake, katika matanga alikaa na majirani, si na wafiwa. Alichopata ukumbini hakikutoka mlangoni naye.

Mimi kuyasema haya kumenichukua muda, wewe wajua, na mengine bado najadiliana na Mola wangu mwenyewe. Tuyaache hayo.

Yale makala uliyonitumia juu ya lile tamasha la muziki la wanawake la Michigan huko Marekani nimeyasoma na miwani yangu ya sokoni, nikatafuta na mengine. Wamenishangaza wale wanawake. Kuanzia 1976 mpaka 2015, kila Agosti, katikati ya msitu, baadaye kwenye ekari 650, wanawake maelfu. Jukwaa wanajenga wao, umeme wanavuta wao, chakula wanapika wao, na kwenye mikisa, ile meza ya kuchanganyia sauti, ameketi mwanamke. Wengi walikuwa wapenda wanawake, na wakati huo ilikuwa vigumu shirika la muziki kumpa mwanamke kazi ya fundi wa sauti, sembuse anayejitangaza hivyo. Walikwenda msituni wakajifunza kazi, wakarudi mjini na ujuzi mikononi. Hapo nikasema, hawa hawakuwa na mtu nyuma ya pazia. Hawa walitushinda.

Ila sikuishia hapo. Wavulana wakishavuka umri mdogo waliwekewa kambi yao pembeni. Hilo silishangai, hata kwetu mvulana akianza kutazama sana hutolewa nje. Wanawake weusi na wengine wasio wazungu nao wakawa na hema lao ndani ya tamasha. Wenyewe walilitaka, nasikia walilipenda, lakini niliuliza moyoni: ikiwa pale ni nyumbani kwa wanawake wote, kwa nini hawa wakahitaji tena chumba ndani ya nyumba? Halafu likaja la mlangoni. Mwaka 1991 mwanamke mmoja aliyebadili jinsia alitolewa usiku, kwa kuwa sharti lilikuwa mwanamke aliyezaliwa mwanamke. Kukatokea kambi ya kupinga nje ya lango, mzozo ukadumu miaka na miaka, wanamuziki wakaanza kujitoa. Indigo Girls, ambao wenyewe ni wanawake wanaopenda wanawake, walisema 2013 kwamba hawatarudi kupiga pale mpaka sharti libadilike. Tamasha likafungwa miaka miwili baadaye.

Na kabla ya hapo kuna kisa cha Olivia Records, ile kampuni ya santuri iliyoanzishwa na wanawake wapenda wanawake mwaka 1973. Fundi wao wa sauti alikuwa Sandy Stone, mwanamke aliyebadili jinsia, naye ndiye aliyekuwa akiwafundisha wenzake kazi. Wenzake wa ndani walimtetea. Wa nje ndio waliompigia kelele na kumtisha mpaka akaondoka. Mwanangu, kisa hicho nilikisoma usiku nikakifunga nisilale. Mtu anayekufundisha kushika swichi, umfukuze kwa sababu ya alivyozaliwa! Afadhali bwana wetu wa nyuma ya shuka, tulimpa japo biriani.

Mwenzako wa kazini ana hoja lakini ameishika kichwa chini. Hakuna aliyetengwa kwa sababu alikwenda kucheza na wenzake siku mbili. Wanatengwa siku zile nyingine zote 363. Mwimbaji wa Kanada Sarah McLachlan alipoanzisha tamasha la kuzunguka miji, Lilith Fair, mwaka 1997, mapromota wa Marekani na watu wa redio walikuwa wakisema huwezi kuwafuatanisha wanawake wawili, watu watachoka. Akawapanga waimbaji wanawake na bendi zinazoongozwa na wanawake, milango wazi kwa kila mtu, na tamasha likawa miongoni mwa yaliyoingiza fedha nyingi kuliko yote mwaka ule. Kwa hiyo maneno ya "watu watachoka" yalikuwa ya uongo, na hayakuvunjwa kwa kusubiri kukaribishwa.

Hatari ninayoiona mimi ni nyingine. Ni wale wa tamasha kubwa kusema, "Si wana siku yao?" Halafu wewe wanakuita uvute nyaya. Nimeona kitu kama hicho na chakacha yetu. Ilikuwa ngoma ya ndani, ya wanawake harusini. Bendi za hoteli za pwani zikaitoa nje, Mombasa Roots na wenzao, watalii wakakata viuno, fedha ikaingia. Sisemi vibaya, muziki wao niliupenda, nilikuwa msichana. Lakini wale kina mama waliokuwa wakiicheza miaka yote walibaki ndani, na hakuna aliyekwenda kuwaita jukwaani.

Wewe uko London, na hapohapo kwenu kuna mfano ninaoupenda kuliko wa Michigan. UK Black Pride, tamasha la fahari la weusi wapenda jinsia yao, lilianza 2005 kwa safari ya basi tu, wanawake weusi wapenda wanawake na wenzao wakaenda kutembea ufukweni Southend, Phyll Opoku-Gyimah akiwa mmoja wa waliopanga. Leo linajaza bustani kwa maelfu. Lingeanza kwa mlango wazi wa kila mtu, sijui kama wale wa basi wangepata hata kiti cha mbele. Huku kwetu hata swali lako ni anasa: Mahakama Kuu ya Nairobi ilikataa Mei 2019 kuviondoa vile vifungu vya sheria ya adhabu vinavyotumiwa dhidi ya wapenzi wa jinsia moja, kwa hiyo anayefunga mlango huku hafungi kwa kupenda.

Basi nenda kwenye hilo dogo. Nimesema. Lakini piga simu kabla, uwaulize fundi wa sauti analipwa kiasi gani, na kama ni "kwa mapenzi ya kazi" waambie mapenzi hayalipi kodi ya nyumba. Uliza pia mlangoni atasimama nani na atamuuliza nini anayeingia. Wakikuambia watakagua mwanamke gani ni mwanamke, chukua mkoba wako urudi. Na wale wakubwa usiwajibu hapana kavu. Waambie mwakani utakuja, lakini ukae kwenye mikisa.

Chukua msichana mmoja asiyejua kitu umkalishe karibu nawe, umwonyeshe.

Jirani bado yuko ghorofani. Magoti hayampandishi ngazi vizuri, nampelekea uji jioni. Jana aliniuliza wafanya kazi gani huko Uingereza. Nikamwambia ya spika. Akacheka, akasema wakati ule wa pazia ulikuwa ukizipokea zile shilingi ishirini huku bado umegeuza sikio kule kwa spika.

Picha usihangaike kunitumia. Najua simu zitaachwa mlangoni, kama kwetu. Nipigie ukishakunja nyaya, hata kama ni alfajiri, nitakuwa nimeamka kuswali.

Mamako