Re: Presha ya jicho la mama imeshuka hadi 8 baada ya upasuaji, ni kawaida?

Mkuu pole kwa kuuguza. Umesema mama alikuwa na presha ya jicho 34, wiki moja baada ya upasuaji wa glakoma (ugonjwa wa neva ya jicho kuharibika, mara nyingi kwa presha ya jicho kupanda) imesoma 8 na unaogopa. Hiyo 8 yenyewe sio mbaya kama anaona vilevile, jicho la kawaida linacheza kati ya 10 na 21 na siku za mwanzo presha inashuka sana kwa sababu wamemfungulia njia mpya, maji ya ndani ya jicho yanatokea chini ya kope la juu, halafu inapanda taratibu kidonda kikipona. Cha kuogopa zaidi ni kovu, likiziba ile njia presha inarudi juu, ndo maana yale matone ya kutuliza uvimbe asiruke hata siku moja. Mzee wangu hapa Kirumba, Mwanza, naye alifanyiwa upasuaji huo, aliruka kliniki mbili akakutwa na 26, bahati wakamkata uzi mmoja wa mshono wa jicho ikashuka. Asipikiche jicho, asibebe ndoo, maji ya ziwani yasimguse usoni kabisa. Na mwambieni ukweli jamani, uoni uliopotea haurudi, mnalinda uliobaki. Jicho likiuma, likiwa jekundu au akianza kuona ukungu ghafla msisubiri kukuche, mpelekeni hospitali ya Bugando usiku huohuo.