Usirushe mbali sana

Umesema unarusha mshipi mbali uwezavyo kwenye ghuba tulivu ya mchanga, na chambo kinarudi kizima. Nadhani unawaruka samaki. Ufuo usio na mawimbi makubwa, maji yanapojaa wao hufuata ukingo kutafuta minyoo na kaa wadogo, mara nyingine mahali maji yanafika magotini tu.

Kabla ya yote, nenda bila mshipi siku ya bamvua (maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida), mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, maji yakiwa yamekupwa kabisa. Tembea pale chini uangalie: vishimo, mikondo iliyochimbika, mabaka ya nyasi za bahari, vilima vidogo vya mchanga vinavyoachwa na minyoo. Weka alama kwa mti au jiwe lililo nchi kavu. Maji yakianza kupanda, tupa hapo hapo. (Na minyoo ya chambo umeshaiona ilipo, chimba.)

Maji yakitulia na kung'aa samaki huwa na wasiwasi, kwa hiyo tumia ndoana ndogo, uzi mwembamba, chubwi (kizito cha kuzamisha uzi) nyepesi. Jioni jua likizama ni bora kuliko mchana. Na usiingie majini kusimama, utawafukuza.