Hodi nje ya pazia

Mtoto wangu wa kwanza nilimzaa hospitalini, akatoka mzima, na ukoo wote ukasema alhamdulillahi. Mimi nikarudi nyumbani Langoni, mtaa wa Amu (Lamu), nisipate usingizi. Uchungu wenyewe nilikwisha usahau. Kilichokuwa kikinirudia ni mikono. Nilipimwa njia na watu nisiowajua hata jina, pazia nusu wazi, hakuna aliyeniambia "sasa nakugusa". Nilipouliza nikajibiwa, "Ulipokuwa ukiitafuta hiyo mimba mbona hukuuliza?"

Mimba ya pili nikasema nitazalia nyumbani. Shangazi yangu, mtu wa Faza kisiwani Pate, ndiye aliyenikataza. Yeye aliwahi kutokwa na damu nyingi baada ya kuzaa nyumbani, maji yamekupwa, boti haipiti mlango wa bahari wa Mkanda, wakakaa kungoja bahari ijae. Hospitalini unadungwa sindano ya kukaza kizazi mara tu mtoto atokapo. Nyumbani tuna dua na leso. (Dua niliipeleka hospitali pia.)

Basi nikajipanga. Mimba ikiwa ya miezi saba nilimwuliza nesi wa kliniki kama naweza kuingia leba na mtu wangu. Uliza mapema hivyo hivyo. Siku yenyewe huna nguvu za kubishana na askari wa mlangoni. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2018 unapendekeza mzazi awe na mtu amtakaye mwenyewe, litaje hilo kwa upole. Mimi niliambiwa wodi ni ya pamoja, aingie mwanamke. Sikuumia, mume wangu hata samaki akipasuliwa hugeuza uso.

Mtu huyo mchague kwa makini. Mama yangu nampenda, lakini hulia kabla yangu. Nikamchukua shangazi, kazi yake kushika leso ya stara na kuniulizia: "Sista, mwanangu ataka kujua wamfanyia nini." Na mimi nilikuwa na sentensi yangu moja, "Nieleze kwanza, ndipo unipime," niliyoizoeza jikoni nikikuna nazi, kwa sababu uchungu ukishika ulimi haukusaidii.

Mlio Pate, Siyu, Kizingitini, njooni Amu wiki mbili kabla, mkae kwa jamaa. Na ukitendewa vibaya, andika tarehe na saa. Mwaka 2018 Mahakama Kuu kule Bungoma iliamuru mwanamke aliyejifungulia sakafuni, kisha manesi wakamnyanyasa, alipwe shilingi milioni 2.5.

Usiku wangu zamu ilikuwa ya nesi kijana. Pazia haligongwi, lakini kila alipofika nje yake alisema "Hodi", akangoja. Mara ya mwisho nilikuwa nimefunguka sentimita tisa, nimemng'ata shangazi bega, na bado alisimama pale nje mpaka nikaitika "karibu".