Damu inasema nina herpesi na sijawahi kutoka hata kipele

SWALI: Salaam aleikum dokta. Tunatafuta mtoto nikaenda kupima kila kitu, nikaambiwa nina kingamwili za herpesi namba 2, na mie wallahi huko chini sijawahi kutoka hata kipele. Kijana wa maabara akaniambia wameona kingamwili za protini ya kirusi, sio kirusi chenyewe. Ndio nini hiyo? Na kama kingamwili ninazo mbona haziuui? Mume wangu ni baharia, nishaanza kumtilia shaka.
Msomaji, Likoni

JIBU: Waaleikum salaam dadangu. Pole kwa wasiwasi, ila ya mume ngoja kwanza.

Herpesi ikiingia kwenye seli inaifanya itengeneze protini za kirusi, na kuna moja inaitwa protini G, hii ya herpesi namba 2, ile ya sehemu za siri, inakatwa mlemle ndani ya seli, kipande kimoja kinabaki kwenye utando na kingine kinatolewa nje kinaelea peke yake. Mwili ukiiona hiyo G unaitengenezea kingamwili, yaani askari wa mwili wa kuishika. Maabara wanaitumia kwa sababu protini B na D za namba 1, ile ya midomoni, na za namba 2 zinafanana mno, kingamwili ya huyu inamshika na yule, lakini kwenye G wametofautiana sana.

Sasa mbona haziuui? Kirusi kinajificha kwenye mishipa ya fahamu chini ya uti wa mgongo, kimelala, hakitoi protini za kushikwa. Na kikiamka kina ujanja, protini E na I zikiungana zinadaka mkia wa kingamwili, ikawa imenata pale na kazi haiwezi kuifanya sawasawa.

Kutokuona kidonda ni kawaida kabisa. Shirika la Afya Duniani, WHO, wanakadiria watu milioni 520 wa miaka 15 hadi 49 wana namba 2, na wengi hawajui. Kwa hivyo dadangu usimshike mtu kesi kwa karatasi hiyo, haisemi umeipata lini wala kwa nani, pengine ni ya kabla hata hamjaoana.

Tena angalia kiwango kilichoandikwa kwenye majibu yako. Vipimo vingi vya EIA, hivi vya damu vya kutafuta kingamwili, vikipita 1.1 wanasema unayo, lakini ikiwa chini ya 3.0 majibu ya uongo ni mengi, omba kipimo cha pili cha aina nyingine. Ukitoka kidonda wahi siku hizohizo wachukue swabu, yaani wafute kidonda kwa kijiti cha pamba, wakipime kwa PCR, hiyo ndiyo inatafuta kirusi chenyewe.

Kwa mtoto hatari kubwa ni mama kuambukizwa upya mwishoni mwa mimba. Wewe kama unayo ya zamani, kingamwili zako zitampitia mtoto tumboni na zitamsaidia, ila mwambie mkunga mapema, na ukihisi kuwashwa au kidonda uchungu ukianza usinyamaze, hapo huenda ukazalishwa kwa upasuaji. Mume akitia nanga naye apimwe, maana kama hana, wa kukingwa ni yeye.